Kivuli cha Bango

Soya ya Mama Mbegu ilikuwa imefika kifuani, majani mapana, mashina manene, na haikuwa na ganda hata moja. Wapita njia waliisifu. "Mama, mwaka huu utaogelea kwenye soya," walisema, naye aliitikia asante kwa sababu hakujua aseme nini kingine. Mtu aanze vipi kumweleza mpita njia kwamba shamba linalopendeza kuliko yote ndilo litakalomponza? Jirani zake wa upande wa mbali walishavuna, wakaanika, wakapeleka magunia yao ushirika. Yake bado ilikuwa inarefuka.

Kanuni ya ushirika ilichapwa nyuma ya kitabu cha mwanachama: asiyeleta mazao misimu miwili mfululizo anarudisha shamba. Msimu uliopita alipeleka debe moja la punje zilizosinyaa, na karani alilitazama akakataa hata kuliandika. Huu ulikuwa wa pili. Kamati ya ukaguzi ingekuja Jumatatu, siku nane mbele, na kila mtu alijua shamba likirudi litakwenda kwa nani. Kampuni ya maua iliyokuwa ng'ambo ya uzio ilishachomeka vigingi vya rangi ya chungwa kupima upanuzi wake, na viwili kati ya hivyo vilikuwa katikati ya soya. Hawakubisha hodi wala kuomba radhi. Vigingi vilionekana tu asubuhi, kana kwamba viliota.

Bwana shamba alikuja, akazunguka dakika kumi, akaandika kwenye daftari lake: mbegu mbovu.

"Mbegu mbovu?" Mama Mbegu aliuliza. "Bwana shamba, mtaa mzima huu unaniletea mimi mbegu niwachagulie kabla hawajapanda. Hao waliovuna juzi, mbegu zao zimetoka kwenye kibuyu changu."

"Basi umezidisha mbolea. Zimeshiba, zimejisahau."

"Mbolea ya wapi? Ningekuwa na hela ya mbolea ningeinunulia nyumba bati."

"Mama, mimi naandika ninachokiona," alisema, akapanda pikipiki yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka, anayehudumia mashamba mengi kuliko siku za juma, na neno "mbegu mbovu" ni fupi kuandika.

Siku hiyo Mama Mbegu hakula mchana. Jina lile hakujipa mwenyewe, watu walimpa, na sasa lilikuwa limeanza kumchoma kama tusi.

*

Bibi, mama mzazi wa mumewe, ndiye aliyerudi chooni na kitu mkononi.

"Mkwe wangu, mbona huku nyuma ya choo zimebeba?"

Alifungua kiganja. Maganda manne ya soya, ya manjano, yamejaa, yenye vinyweleo. Mama Mbegu alimnyang'anya karibu kwa ubavu, akakimbia. Nyuma ya choo, kwenye kipande chembamba chenye urefu wa mtu aliyelala, soya ilikuwa fupi, imeanza kukauka, imejaa maganda kutoka chini hadi juu. Hatua moja pembeni lilianza tena lile pori la majani matupu. Mbegu ni ile ile. Siku ya kupanda ni ile ile. Alisimama hapo akitazama huku na huku hadi shingo ikamuuma.

Jioni, binti yao aliporudi kutoka kazini, maganda yale yalikuwa mezani kwenye kisahani. Binti alifanya kazi katika mabanda ya maua ya kampuni, akikata mashina kwa kipimo cha rula. Aliyaangalia maganda, akauliza yametoka wapi, akaambiwa. Kisha alikaa kimya kwa namna ambayo mama yake aliijua tangu angali mdogo, kimya cha mtu aliyevunja kikombe.

"Sema," alisema mama yake.

"Mama, nilisaini karatasi. Mambo ya ndani hayatoki nje."

"Hapa ni nje? Hapa ni kwenu."

Binti alikwenda kufunga mlango, ingawa hapakuwa na mtu, kisha akasema kwa sauti ya chini. "Mle ndani tunayanyima maua giza. Ua letu halichanui mpaka usiku uwe mrefu. Sasa sisi tunataka shina lirefuke kwanza, kwa hiyo tunawasha taa za LED, nyekundu na nyeupe, linadhani usiku ni mfupi. Linarefuka tu. Siku tukitaka lichanue, bwana mitambo anabonyeza, taa zinazimwa, baada ya wiki chache banda zima limechanua kwa pamoja. Ua halihesabu mchana, Mama. Linahesabu giza."

"Na soya?"

"Soya sijui." Akainama. "Lakini taa iliyo pale nje, kwenye nguzo ya kona, ni moja ya zile zile. Ni za banda la tatu, walizibadilisha wakaweka mpya. Niliitambua siku walipoifunga. Sikujua kama inaweza kufanya hivi huku nje. Wallahi sikujua."

Wote walitazama dirishani. Jua lilikuwa limeshazama, na mwanga mweupe wenye wekundu ulikuwa umeshakaa juu ya meza, juu ya kisahani, juu ya mikono yao. Usingizi wa Bibi uliondoka tangu taa ile iwekwe, na blanketi alilolitundika dirishani kwake halikusaidia kitu. Jogoo wao aliwika saa tatu, akawika saa sita, akawika saa nane, hadi majirani wakamwita mwendawazimu. Kuku walikataa kuingia bandani. Yote hayo waliyaona, wakayacheka, wakayazoea. Hakuna aliyefikiria soya, wala kwamba nyuma ya choo mwanga ule haukufika.

Mume wa Mama Mbegu, fundi baiskeli ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi tu, alichukua maganda, akayarudisha kwenye kisahani moja moja. Taa ile ndiye aliyeiomba.

*

Aliiomba kwa barua, tena kwa mwandiko wake mzuri aliojivunia. Kampuni ilitangaza mradi wa kuwapa jirani wa uzio mwanga wa bure, na Fundi akaona neema: atatengeneza baiskeli hadi saa tatu usiku. Walikuja na mpiga picha, wakasimamisha nguzo kwenye kona ya shamba, na mbele ya nguzo, upande wa soya, wakasimika bango kubwa kama mlango, lenye miguu miwili: MWANGA KWA JIRANI. Katika bango Fundi alikuwa anatabasamu, amepeana mkono na Ofisa Mahusiano. Kumbe nguzo ile kampuni iliihitaji kwa ulinzi wa kona yake, zawadi au si zawadi ingewekwa tu. Lakini mtu akikuletea ngao yake akasema ni zawadi yako, na wewe ukamwandikia barua ya shukrani, utamlaumu nani?

Alhamisi walikwenda ofisini kwa kampuni, mke na mume, wamevaa viatu vya kwenda navyo mahali. Langoni mlinzi aliwaonyesha beseni la dawa.

"Kanyageni humo. Mnaleta vijidudu."

"Tunatoka hapo ng'ambo tu," alisema Fundi.

"Hapo hapo ndiko vinakotoka."

Wakakanyaga. Viatu vya Mama Mbegu vilikuwa vya ngozi bandia, vikaanza kubanduka soli kabla hajafika kwenye benchi. Walikaa benchi lile saa mbili na nusu. Ukutani mbele yao ilining'inia picha ile ile ya bango, na Fundi alilazimika kujitazama akitabasamu muda wote huo.

Ofisa Mahusiano alikuwa mpole. Huo ndio ubaya wa watu hawa, ni wapole. Aliwakaribisha, akawamiminia maji, akamsikiliza Mama Mbegu hadi mwisho bila kumkatiza, kisha akacheka kidogo.

"Nyuma ya choo, mama? Na wewe unashangaa kwamba nyuma ya choo pana rutuba?"

Karani wa meza ya pili aliziba mdomo. Mama Mbegu alihisi uso ukiwaka. Miaka ishirini na miwili ya kulima, na leo anafundishwa rutuba na mtu mwenye kucha safi.

"Choo chetu ni cha shimo lililojengewa saruji," alisema. "Hakivuji."

"Hata hivyo, taa si yetu." Ofisa alifungua faili, akatoa barua, akaisukuma mezani. Ilikuwa ya Fundi. Juu yake akaweka karatasi nyingine yenye mhuri. "Hati ya makabidhiano. Soma hapa, mzee. Kampuni imeikabidhi familia taa moja, nguzo moja na vifaa vyake, kuwa mali yao kuanzia leo. Uliomba, ukapewa, ukasaini. Nakala unayo. Sasa mtu akipewa zawadi, halafu aje kumdai aliyempa, hiyo tuiiteje?"

"Kama ni yetu, basi izimeni," alisema Mama Mbegu.

"Haizimiki peke yake. Imeunganishwa kwenye saa ile ile inayowasha taa zote za uzio, na saa hiyo iko chumba cha mitambo."

"Basi tutaing'oa."

Tabasamu la Ofisa halikuondoka, lilipungua tu. "Mkiigusa ni hujuma. Miundombinu ya kampuni ina ulinzi wa sheria, mama. Nisingependa kumwona mzee wangu hapa anapelekwa mahali."

"Ni yetu au ni yenu?"

"Mama, tusivunjiane heshima."

"Nauliza tu. Ni yetu au ni yenu?"

Fundi alimvuta mkono. "Twende, mama watoto. Ahsante sana, mheshimiwa. Ahsante kwa muda wako." Akainama, akatoka kinyumenyume kama anayetoka kwa mfalme. Njia nzima mkewe alitembea mbele. Alikuwa amevua viatu, ameshika soli mkononi, na hasira yake haikujua imwangukie nani kwanza.

"Ahsante ya nini?" alimuuliza walipofika mlangoni. "Niambie, baba watoto. Ahsante ya nini?"

Fundi alisukuma mlango. Maisha yake yote alikuwa amewashukuru watu wenye ofisi, na ulimi ulishazoea.

*

Lakini kicheko kile cha choo kilimpa Mama Mbegu akili. Aliona wazi kwamba Jumatatu pia choo kitachekwa, na kamati itacheka zaidi kwa sababu kamati ni wengi. Alihitaji kivuli kingine, kisicho na choo.

Ijumaa jioni taa ilipowaka alitoka na kamba na vijiti, akazunguka shamba akitazama chini badala ya kutazama juu. Shamba zima lilikuwa jeupe lenye wekundu. Kivuli cha choo kilikuwa pale. Kile kingine alikikuta kwenye kona, mahali asipopenda kupita kwa sababu alichoka kumwona mumewe anachekelea pale juu: kivuli cha bango, cheusi, kipana, kimelala juu ya soya. Alichomeka vijiti kwenye pembe zake, akavuta kamba, akazungushia. Hakushika hata jani. Alirudi ndani, akalala chali na macho wazi.

Alfajiri alikwenda kuangalia. Kisha akakaa chini kwenye tuta, akacheka peke yake hadi machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakuwa ya kicheko tena.

*

Jumatatu kamati ilikuja watu sita, wakiongozwa na mwenyekiti wa ushirika, mwanamume mwenye fimbo ambaye aliogopa kampuni kwa sababu lori la ushirika lilitengenezwa kwa msaada wao. Bwana shamba alikuwepo na daftari lake. Ofisa Mahusiano naye alikuwepo, amekuja kama jirani, alisema. Binti alikuwa kazini. Bibi alitolewa kiti nje, akakaa.

"Dada, tumeshaliona," mwenyekiti alianza. "Shamba lako ni majani matupu. Usitupe shida, tumalize salama."

"Sitawapa shida, Mwenyekiti. Naomba mje hapa tu, hatua thelathini."

Aliwapeleka moja kwa moja kwenye kona. Ofisa alipoona wanaelekea kwenye bango lake alitengeneza kola ya shati, pengine alidhani wataanza na shukrani. Mama Mbegu aliisukuma soya kando kwa mikono miwili.

Ndani ya kamba, soya ilikuwa imekauka vizuri, imebeba. Nje ya kamba, majani ya kijani, marefu, matupu. Mpaka ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Upande mmoja ulikuwa na upana wa bango, na kutoka hapo mistari miwili myembamba ya soya iliyobeba ilitambaa kurudi kwenye bango lenyewe. Bango zima lilikuwa limelala shambani, hadi na miguu yake.

Bwana shamba alipiga goti, akang'oa mche mmoja ndani ya kamba, akahesabu maganda kwa sauti hadi arobaini na moja. Akang'oa mwingine wa nje, akaupindua, akatafuta chini ya majani, akatafuta tena.

"Sifuri," alisema. Kisha, kwa sauti ndogo: "Mama, nisamehe. Niliandika vibaya."

"Hapa hakuna choo," alisema Mama Mbegu, akimtazama Ofisa. "Au mlichimba kimoja chini ya bango?"

Mtu wa kamati alipasuka kicheko, na safari hii kilielekea upande mwingine. Ofisa alikaza shingo. "Haya mambo ni ya kitaalamu. Kivuli cha mchana, unyevu, yako mengi. Huwezi kuja na kamba ya kuanikia nguo ukajiita mtafiti. Nani kawaambia mambo ya mwanga na giza? Hayo mmeyatoa wapi?"

Mama Mbegu alifunga mdomo. Fundi alitazama miguu yake. Ni Bibi aliyejibu kutoka kwenye kiti chake, kwa majivuno ya bibi yeyote mwenye mjukuu aliyesoma.

"Tuna mjukuu wetu humo humo kwenu! Huyo anayajua yote. Ndiye anayeyalaza hayo maua yenu na kuyaamsha!"

Ofisa akatikisa kichwa polepole. "Kumbe," alisema, akatoa simu.

Mwenyekiti alikohoa. Aliona alichokiona, wala hakuthubutu kukisema chote. Alisema shamba halirudishwi leo. Alisema kamati inampa mama msimu mmoja. "Ila dada, ushirika hauna ubavu wa kuwaamuru hawa kuzima. Taa ikiwa ingalipo msimu ujao, hutavuna, na usipovuna kanuni ni kanuni. Hilo la taa ni lenu na kampuni."

"Tutalifanyia kazi mara moja," alisema Ofisa. "Kesho asubuhi mtawaona vijana wetu."

*

Na kweli, asubuhi waliwaona. Wafanyakazi watatu na msimamizi wao walikuja na nyundo, koleo na mtaimbo. Mama Mbegu alitoka na uso mkunjufu, akamwambia mumewe aweke maji ya chai. Wakapita nguzo ya taa bila kuitazama. Wakaanza kung'oa bango.

"Mbona hilo?" aliuliza. "Mbona hilo?"

"Ndiyo maagizo, mama," alisema msimamizi. "Bango liondolewe. Linaleta kivuli."

Wakati huo binti alikuwa anarudi njiani, saa mbili asubuhi, saa ambayo hakuwahi kuwa nyumbani siku ya kazi. Kadi yake ilikataa langoni. Mlinzi alimwambia asubiri, kisha akatoka mtu na mfuko wa plastiki uliokuwa na gauni lake la kazi, kikombe chake na kandambili zake. Hakupewa barua. Bibi alimwona, akaelewa, akajipiga mdomo kwa kiganja, mara mbili, kwa nguvu.

"Bibi, acha," alisema binti. "Acha, Bibi, si wewe."

Fundi alikuwa amesimama kibarazani na birika la chai mkononi. Alimtazama binti yake na ule mfuko. Alitazama bango likibebwa mgongoni, uso wake ukichekelea kichwa chini miguu juu. Akaweka birika chini, akaingia ndani, akatoka na karatasi yenye mhuri iliyokuwa kwenye nailoni, pamoja na ngazi.

"Wewe mzee, unakwenda wapi?" alisema msimamizi.

"Kwenye taa yangu."

"Ni mali ya kampuni hiyo."

Fundi alisoma. Alisoma kwa sauti ya kutetemeka, lakini hakuruka neno. Taa moja. Nguzo moja na vifaa vyake. Kuwa mali yao kuanzia leo. Mhuri wa kampuni. Sahihi ya Ofisa Mahusiano. "Nilishukuru," alisema. "Nilishukuru kwa barua, nilishukuru ofisini kwenu, nilishukuru hadi mke wangu akanidharau. Kitu nilichokishukuru hivyo, leo kisiwe changu? Nipigie polisi. Waje, niwasomee na wao."

Msimamizi akatoa simu, akapiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Mmoja wa wafanyakazi, mwenye umri wa kati, ambaye baiskeli yake ilikuwa imetengenezwa na Fundi mara nyingi kwa mkopo usiolipwa, alisogea karibu na ngazi kama anayekuja kuizuia.

"Usipande," alimnong'oneza. "Utakufa bure. Swichi iko chini hapo, ndani ya hicho kifuniko. Kila nguzo ina yake."

Fundi aliinama. Usawa wa goti kulikuwa na kifuniko cha bati, kidogo kama sahani, kimekazwa kwa boliti moja. Namba kumi. Spana namba kumi ilikuwa kwenye mfuko wa shati, mahali ilipokaa siku zote tangu ajifunze kazi. Alifungua. Ndani kulikuwa na swichi nyeupe ya kawaida, kama ya chumbani. Akaishusha.

Hakukuwa na kitu cha kuona, jua lilikuwa limeshapanda. Wafanyakazi waliondoka na bango, msimamizi akasema jambo hili litafika mbali. Huenda litafika. Wale watu wanne walikaa kibarazani siku nzima bila kufanya kazi yoyote ya maana, na karatasi ile ikiwa mapajani kwa Fundi.

Saa kumi na mbili na nusu jioni taa za uzio ziliwaka zote kwa mpigo. Moja haikuwaka. Giza lilishuka juu ya soya, la kawaida, la bure, lile ambalo kila shamba duniani hupewa bila kuandika barua. Jogoo aliingia bandani mwenyewe.

Bibi alikuwa dirishani, ameshika blanketi lake.

"Nani kaizima?"

"Mimi, Mama," alisema Fundi.

"Kwa kitu gani?"

"Kwa swichi. Iko pale chini."

Mama Mbegu alitazama shamba, misimu miwili ya majani, halafu akamtazama binti yake na ule mfuko wa plastiki.

"Kumbe siku zote," alisema Bibi, "ilikuwa inazimika?"